Mashallah, Kanawiri

 

Kuna sifa moja hapa kwetu Pemba haigharimu kitu, kila mtu anaitoa. Mtoto aliumwa, mwezi mzima hakuonekana njiani. Siku anatoka, mashavu yamejaa, kanzu ya chuoni inambana kifuani. Jirani anamkuta dukani: "Mashallah, mwanao kanawiri!" Mama anaitikia na moyo unamtulia, maana miezi mitatu nyuma maneno aliyokuwa akiyasikia yalikuwa mengine. Lakini mtoto yule hakunawiri. Anakunywa prednisoloni kwa ajili ya figo zake, na uso ule wa duara umeletwa na vidonge. Nyumba ya pili yupo mwenzake wa miaka 11, suruali ya skuli kaifunga kwa kamba isimvuke. Anakula sahani mbili na bado anakonda. Kiu haimwishi, usiku anatoka kukojoa mara tatu, mara nne, na siku nyengine yanamkuta kitandani, yeye aliyeacha kujikojolea tangu hajaanza chuo. Huyu wanasema kapigwa jicho.

Mmoja kasifiwa, mmoja kahurumiwa, na hakuna aliyejua anachoumwa.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Mtoto mwenye maradhi ya kudumu, uzito wake unaanzia kwenye maradhi na dawa. Chakula kinafuata nyuma. Anayetaka kumsaidia asianze kwa kumnyang'anya sahani, wala asianze kwa kumshindilia. Aulize kwanza dawa hii inafanya nini mwilini mwa mwanangu, kisha atazame chungu cha nyumba nzima.

Nianze na yule wa suruali ya kamba. Dalili zake zote ni za kisukari kile kinachowapata zaidi watoto na vijana, wanachokiita aina ya kwanza. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Bila ya insulini, sukari inayotokana na wali na muhogo inazunguka kwenye damu tu, haiingii mahali inapotakiwa. Figo zinaimwaga kwenye mkojo, na ikitoka inatoka na maji. Kiu inaanzia hapo. Mwili ukiona haupati kitu unaanza kujila wenyewe, mafuta na misuli. Kwa hivyo mtoto anakula na anakonda. Kumsomea sina ugomvi nako, Qur'ani ni shifaa na hakuna Mpemba wa kubisha hilo. Lakini kipimo cha sukari cha kuchoma kidole hakimalizi hata dakika moja, na mtoto wa namna hii akicheleweshwa anaanza kutapika, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, halafu anapoteza fahamu. Asomewe njiani, akielekea hospitali.

Miaka 100 na kidogo iliyopita maradhi haya yalikuwa hayana dawa popote duniani. Kilichokuwepo ni njaa. Huko Marekani daktari mmoja, Frederick Allen, alijulikana kwa kuwapunguzia wagonjwa chakula mpaka sukari iondoke kwenye mkojo, na wazazi walikubali kwa sababu walioendelea kula kama kawaida walikufa upesi. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, alikaa kwenye mlo huo miaka. Alipofikishwa Toronto, Kanada, Agosti 1922, anakaribia kutimiza miaka 15, alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Pima mtoto wako wa miaka 6 uone. Januari ya mwaka huohuo, mji huohuo, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini ya watafiti kina Banting na Best, naye alikuwa mifupa mitupu. Elizabeth alidungwa, akala, akanona, akaolewa, akazaa. Alikufa 1981.

Nimeileta habari hii kwa sababu ule mlo wa njaa haukufa pamoja na wakati wake. Umehamia majumbani mwetu. Mzazi anatoka hospitali amebeba neno moja tu: asile sukari. Neno likifika kwa bibi limekuwa asile wali. Likifika kwa shangazi limekuwa asile wali, ndizi, muhogo, embe, fenesi wala viazi. Ijumaa wenzake wanakula pilau, yeye kapikiwa ugali wa dona na mchicha, kakaa pembeni na kibakuli chake. Mtoto huyu mambo mawili yatampata. Ama hatakua, atabaki mfupi na mwembamba miaka ya kukua ikipita. Ama atakula kwa kujificha, kwa jirani, dukani, chini ya mwembe, na sukari itapanda huku nyumbani wanaapa kuwa hawampi kitu.

Ukweli ni kwamba mtoto mwenye kisukari anahitaji chakula kiasi kilekile anachohitaji mtoto wa umri wake, wanga ukiwemo. Wali si haramu kwake. Anachotakiwa ni kujua kiasi, na kiasi hicho kiendane na sindano.

Na hapo kwenye kiasi ndipo ushauri wa vitabu unapogonga mwamba Pemba. Karatasi za kliniki zinachora sahani: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au nyama. Karatasi nzuri. Sisi tunakula kwenye sinia. Watu sita wamelizunguka sinia moja la wali, mchuzi katikati, mkono unaingia na kutoka, na anayekula haraka anapata kuliko anayekula taratibu. Nani kahesabu matonge ya nani? Kumtenga mtoto na kibakuli chake ni adhabu, na kumwacha aingie siniani bila kipimo ni kubahatisha na damu yake. Nyumba zinazoiweza kazi hii zina njia yake: mama anapopakua, anaanza na fungu la mtoto, upawa mmoja au mmoja na nusu kama walivyokubaliana kliniki, kila siku upawa uleule, halafu anamwekea kwenye sahani yake, na sahani inakaa ukingoni mwa sinia, juu ya mkeka mmoja na wenzake. Chungu ni kimoja, kitoweo ni kimoja, kilichozidi ni upawa tu.

Chungu kikiwa kimoja, basi kibadilike chungu. Hilo watu hawalipendi. Wanataka mtoto abadilike na wao wabakie na chai yao ya vijiko vinne. Tui lile zito la kwanza si lazima limiminwe lote kwenye wali na kwenye mchuzi siku hiyohiyo. Muhogo ukichemshwa ni chakula kizuri, ukikaangwa mafutani ni habari nyengine, shelisheli vilevile. Bahari tunayo, samaki na pweza tunao, mchicha na kisamvu vinaota uani. Vijana wa nyumba hiyo wasio na maradhi watafaidika wao, na mgonjwa hataona kuwa yeye ndiye mkosa aliyewafanya watu wote wakose raha.

Sasa sindano zimeanza. Wiki za mwanzo mtoto anakula na hashibi. Mwacheni, mwili unarudisha ulichopoteza. Kilo zinarudi, na zinarudi upesi. Baada ya muda njaa inatulia. Isipotulia, uzito ukaendelea kupanda na urefu umesimama, msiseme mtoto mlafi. Tazameni kwanza sindano.

Watoto wengi wanatumia insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Ile ikishaingia mwilini inafanya kazi yake iwe umekula au hukula, kwa hivyo mtoto analazimika kula ili aifuate. Dozi yake ikiwa kubwa kuliko mahitaji yake, sukari inashuka kila mara: anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anakuwa mkali bila sababu. Mama aliyewahi kuliona hilo saa nane za usiku hasahau. Tangu siku hiyo kila usiku kabla ya kulala anampa mtoto biskuti na soda, kwa tahadhari tu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Piga hesabu ya mwezi. Mtoto ananenepa kwa woga wa mama yake, na haki yake mama kuogopa.

Dawa ya hilo ni kipimo. Pima kwanza. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko viwili mpaka vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, mdogo sana apunguziwe, ngoja dakika 15, pima tena. Kama huna kipimo na dalili zipo, mpe tu, usisubiri. Akiwa hana fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na wale wanaoniambia kuwa wanampa kipande cha halua, maana mjini Wete halua haikosekani: halua ina samli, na mafuta yanaichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mtoto anabaki chini, mnamwongeza kipande cha pili na cha tatu, halafu vyote vinaingia kwa pamoja. Halua iwekeni kwa ajili ya kahawa. Na sukari ikishuka mara kwa mara katika wiki moja, rudini kliniki dozi iangaliwe. Kumwongezea mtoto chakula ili kifanane na dozi iliyozidi ni kulazimisha kanzu ienee kwa kukata bega.

Kuna na kinyume chake. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri, ghafla anapungua tena na kiu imerudi. Kabla hujauliza kala nini, itazame chupa. Ilikaa dirishani, jua la mchana linaipiga? Imekaa kwenye mfuko wa skuli mpaka chuoni na kurudi? Nyumba isiyo na friji inaweza kuiweka chupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ukaingizwa kwenye chungu kilichowekwa kivulini juu ya mchanga mbichi. Watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu insulini kwa joto kama la kambi ya Dadaab, kule Kenya, linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakaandika kwamba ilibakia nzima kwa wiki 4. Kwa hivyo kukosa friji si mwisho wa mambo. Jua ndilo adui.

Narudi kwa yule wa mashavu, aliyeambiwa kanawiri. Vidonge vya prednisoloni vinampa njaa ya kweli. Anaomba chakula saa nne za usiku na si utovu wa adabu. Usimkaripie. Na usivikate vidonge kwa sababu mtoto amenenepa, kuviacha ghafla kunaweza kumwangusha vibaya, vinapunguzwa hatua kwa hatua na daktari mwenyewe. Nyumbani kazi yenu ni kuutofautisha unene na maji. Mtoto wa figo akiongezeka kilo nzima kwa siku mbili tatu, yale ni maji. Kope zimevimba anapoamka, na ukimbonyeza muundi kwa kidole panabaki shimo. Hapo ni hospitali. Akiongezeka taratibu, mwezi baada ya mwezi, ni njaa ya dawa, na njaa hiyo ishibishwe kwa samaki wa kuchemsha, kunde, matango, mboga za majani, machungwa. Chumvi ishuke, na hapa nitawaudhi watu: ng'onda na papa mkavu wapumzike kwa mtoto huyu, na achari, na vile vikaranga na chipsi za pakiti za mlango wa skuli.

Wapo wanaohangaika upande wa pili, wanataka mtoto aongezeke na haongezeki. Mfano ni wazazi wa mtoto wa selimundu. Selimundu Tanzania ni nyingi, nchi yetu imo katika zile zinazozaa watoto wengi zaidi wenye maradhi haya duniani. Damu ya mtoto huyu inavunjika na kutengenezwa upya bila kupumzika, na kazi hiyo inakula chakula. Atakuwa mwembamba, atabaleghe nyuma ya wenzake, na hayo peke yake si dalili kwamba hamumlishi. Chakula kidogo kidogo mara nyingi, maji mengi, dawa zake za kliniki.

Tatizo ni huruma inapokwenda dukani. Mjini vinauzwa vidonge vya kunenepesha. Vingine ni dawa za mzio zinazoleta njaa na usingizi, vingine ni deksamethasoni, ndugu yake prednisoloni, na mtoto anavimba mashavu akasifiwa na yeye. Halafu kuna dawa ya kuongeza damu. Hilo Pemba tungekuwa sisi wa kuwafundisha wengine, maana utafiti mkubwa ulifanyika kisiwani hapahapa, na maabara yetu ya Ivo de Carneri pale Wawi ilikuwemo. Watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki kwa kuwakinga na upungufu wa damu. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006: waliopewa chuma walipatwa na maradhi makali ya kulazwa, au kifo, kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa, katika kisiwa ambacho wakati ule malaria ilikuwa imetanda. Lakini wale waliopimwa wakakutwa na upungufu wa chuma kweli, na wakafuatiliwa, kiliwafaa. Kitu kilekile, kisiwa kilekile, tofauti ni kupimwa. Mtoto wa selimundu asinunuliwe chuma kwa kumtazama viganja.

Pumu sitaikalia. Mtoto wa pumu mara nyingi ananenepa kwa kukatazwa kucheza. Mpira na kuogelea ni vyake pia, pampu ikiwa mfukoni na maradhi yakiwa yametulizwa kwa dawa za kila siku.

Niseme la watoto wa kike, na kina mama mnisikilize. Msichana wa miaka 13 au 14 mwenye kisukari anajua jambo ambalo nyinyi hamjui kuwa analijua: akiiruka sindano, anakonda. Amejionea mwenyewe kabla hajatibiwa. Huyu ukimpeleka kwenye shughuli, makhalati na makungwi wamekaa ukumbini, mmoja akamshika mkono akasema, "Eee, umekuwa bonge siku hizi!", kila mtu akacheka, wiki ya pili sukari imepanda na sindano zinahesabiwa kuwa zimedungwa. Duniani kote madaktari wa kisukari wanalijua hili na wanaliogopa. Khalati, mkono wa mtoto mwachie. Na mama asimsimamie kama askari, ila amwone anapodunga, kama anavyomwona anapokula.

Ramadhani nayo. Mtoto wa namna hii anataka kufunga kwa sababu wenzake wanafunga, na kuna fahari ndani yake. Mgonjwa Mwenyezi Mungu amemruhusu, na mtoto ambaye hajabaleghe hata wajibu haujamfika. Akishabaleghe akatia nia, mazungumzo yawe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi zipangwe upya. Na wote waelewe kuwa sukari ikishuka mchana anafungua, papo hapo. Uzito wa Ramadhani hauletwi na kufunga. Unaletwa na futari: ndizi za nazi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, sambusa na juisi, kwa nusu saa moja.

Mwisho ni kupima. Mtoto akivuka miaka 5, kadi ya kliniki inaingia kabatini, na yeye na mizani wanaagana mpaka augue. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 mistari ya ukuaji ya watoto wa miaka 5 hadi 19, iko, na hospitali mnaweza kuiulizia. Lakini hata nyumbani, mtoto asimame na kisigino ukutani, wekeni kitabu juu ya kichwa, pigeni alama ya mkaa, kila miezi mitatu. Kilo bila urefu hazikwambii kitu. Mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 40 na sentimita 140 amezidi uzito. Kilo hizohizo 40 akiwa na miaka 12 na sentimita 150, yuko sawasawa. Hakupunguza hata kilo moja. Amekua tu, na waliomzunguka walimwacha akue bila ya kumpa njaa.

Basi kliniki ijayo nendeni na daftari: urefu, uzito, na saa ambazo sukari ilishuka na alichopewa. Na mkiambiwa kwa mkato kuwa apunguze kula, msiondoke kitini. Ulizeni kwa adabu: apunguze kipi, daktari, au dozi ndiyo ipunguzwe?